Basi Lililowekwa kwa Ajili ya Treni

Wapendwa, nitasema polepole, nanyi mnivumilie. Nyumbani kwangu matanga hayajaanuliwa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepanda treni kwenda kumzika baba yake. Reli haikufika kijijini kwao. Iliishia kwenye stesheni ndogo ya bara, na nje ya stesheni hiyo husimama basi. Mliowahi kusafiri hivyo mnajua utaratibu wake. Tiketi ni moja, ya treni na ya basi. Treni ikiwahi, unalikuta basi. Treni ikichelewa, basi linangoja. Haliendi stendi kugombea abiria. Limewekwa kwa ajili ya treni ile, na kazi yake ni kumfikisha kila aliyeshuka.

Siku hiyo treni ilichelewa sana, maana mvua ilikuwa imekula tuta la reli na mafundi walikuwa kazini. Yule mama hakula kitu njia nzima. Alijifunga khanga kiunoni, akaegemeza kichwa dirishani, na moyoni alikuwa na neno moja tu: nisikute wameshamfukia. Wazee walikwisha kutuma habari kwamba mazishi ni leo, na jua likizama halizamii kwenye kaburi lililo wazi. Alitaka kuuona uso wa baba yake mara ya mwisho. Je, yuko nani hapa asiyemwelewa?

Walipofika, basi lilikuwepo. Alishuka mbio, akapanda wa kwanza, akakaa nyuma ya dereva. Wengine wakaingia, mizigo ikapakiwa, mlango ukabaki wazi. Basi halikuondoka.

"Dereva, kuna nini tena?"

"Bado mmoja, mama."

Konda akaeleza. Treni ilikuwa ndefu kuliko jukwaa, kwa hiyo behewa la mwisho lilisimama kule kwenye majani. Mzee mmoja ameshukia kwenye kokoto, na mguu wake ni mbaya. Mpagazi amekwenda kumshika mkono. "Anakuja," alisema konda, "ila anakuja kwa mwendo wake."

Bwana mmoja akaita kutoka viti vya nyuma, "Dereva, unamngoja mkweo?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwambieni alale hapo, kwani kesho hakuna basi?"

Dereva hakucheka. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiwangoja ninyi," alisema. "Ningeondoka, mngeniitaje?"

Lilikuwa jibu zuri, lakini nani alilisikia? Mtu akishapata kiti, husahau kwamba naye alingojwa.

Ndipo yule mama akasimama. "Baba yangu yuko chini ya turubai!" alipiga kelele. "Wewe hujawahi kufiwa? Nikikuta wameshamfukia, utamfukua wewe?"

Mnajua desturi yetu, mfiwa habishiwi. Akilia tunalia, akisema tunaitikia. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuupinga. Dereva alitazama kwenye kioo cha pembeni, akainamisha kichwa, akawasha gari. Na yule mama akaketi, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Asante, Mungu wangu."

Walifika jua likingali juu. Kaburi lilikuwa wazi na watu wameketi chini kulizunguka. Baba yake mdogo akaja kumpokea, akamkumbatia, akamwacha alie. Kisha akachungulia barabarani nyuma yake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu nani, baba?"

Hapa nina jambo ambalo sikuwaambia. Mwanamke huyu alikuwa na kaka, mkubwa wake, mtoto wa tumbo moja. Sikumtaja kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa akimtaja. Walikosana siku ya kumzika mama yao, kwa maneno yaliyosemwa mbele za watu, na tangu hapo kila mmoja alikaa upande wake wa mji kama wasiojuana.

"Kaka yako," alisema baba mdogo. "Alitupigia simu akiwa ndani ya treni hiyo hiyo. Alisema amekuona ukipanda, akaenda kukaa behewa la nyuma kabisa, usije ukaudhika na safari yenyewe ni ya msiba. Anatembea kwa shida siku hizi, kisukari kimemharibu mguu. Hamkupanda basi moja?"

Yule mama akageuka kuitazama barabara aliyotoka.

"Marehemu aliacha neno," baba mdogo akaendelea. "Udongo wa kwanza muutie ninyi wawili, mmeshika jembe moja. Ndiyo maana tumekaa. Tusingemfukia, mwanangu. Tungewangoja mpaka mfike wote wawili."

"Nimemwacha," alisema. "Ni mimi niliyesema tuondoke."

Wakapiga simu. Yule kaka akapokea, akasema kwa upole, "Msiningoje. Nimeliona basi likiondoka, nikajua dada ameniona. Zikeni. Mimi nitamlilia baba hapa hapa."

Dada akamnyang'anya baba yake mdogo ile simu. "Kaka, sikukuona! Haki ya Mungu, sikukuona!" Lakini upande wa pili simu ilikuwa imekatwa, na walipopiga tena haikupatikana. Gari jingine la kumfuata halikuwapo, wazee wakangoja mpaka jua likakaribia kuzama. Kisha wakampa jembe akalishika peke yake.

Wapendwa, mlidhani mfano huu ni wa mzee aliyechelewa? Ni wetu sisi tuliokwisha kukaa. Tunaomba, "Bwana, mbona unakawia? Tufikishe." Naye hakawii. Anamtazama mtu ambaye sisi hatutaki kugeuza shingo tumwone. Na tunapomwacha, tunakuwa na sababu, tena sababu nzuri, ya machozi kabisa. Yule mama hakusema uongo hata mmoja mle ndani ya basi. Lakini aliyeachwa haijui sababu yetu. Yeye anajua tu kwamba tuliondoka, na anaamini tulimwona.

Mimi nimezika juzi, na ninyi mlikuja wengi, Mungu awalipe. Nilipokuwa nimekaa pale niliwaona baadhi yenu mkisalimiana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Kwa maana wengi wetu tumepanga kupatana msibani. Tunasema, siku ya msiba tutakutana tu.

Ndugu zangu, mkitoka hapa leo, yuko mtu mnayemjua. Msiniambie jina lake. Mwendeeni angali anaweza kuwafungulia mlango.