Pimbi na Maua ya Kiangazi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mnaonyonya na wenye mvi, sogeeni karibu, maana hii nikiikatiza sitaweza kuianza tena.

Hapo kale, mlima ulipokuwa bado na kofia nyeupe ya theluji, Pimbi alikuwa na mibuni arobaini na mtoto mmoja, Ndeto. Wanyama wote wa mteremkoni walilima kahawa. Waliishusha bondeni, wakarudi na mahindi, wakayaweka kwenye kihenge. Siku hadi siku walikula ndizi. Kihenge kilikuwa cha mwaka mbaya.

Nao walikuwa na desturi. Mibuni ikichanua, kila nyumba hufungua kihenge, hupika chote, hulisha jirani. Ua limeonekana, mwaka si mbaya, ya nini kubana?

Basi mwaka huo, katikati ya kiangazi, mvua ikanyesha alasiri moja. Wa-wa-wa-wa. Ikakoma. Siku ya nane mlima mzima mweupe kwa maua, harufu mpaka mtoni, na wanyama wakaanza kuwasha mafiga.

Pimbi hakuwasha. Alichimba chini ya mbuni kwa kucha, akachimba tena, akachimba tena. Unyevu uliishia kwenye ncha ya kucha. Akawaambia wenzake kuwa mvua hii si ya vuli, wangoje kidogo. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nungunungu akasema, "Mkia huna. Kumbe na mkono wa kutoa pia huna?"

Mbega, jirani yake, akamvuta pembeni. "Shoga, usitutie aibu. Fungua."

Pimbi akamtazama Ndeto, akatazama kihenge, akaona macho yote yanamtazama yeye. Akafungua. Wakapika, wakala, wakacheza, kihenge kikafagiliwa mpaka chini.

Kisha jua. Jua leo, jua kesho, jua mtondo. Maua yakawa rangi ya kutu, pu, pu, pu, yakadondoka. Vuli haikuja. Migomba ikainama, ikalala. Ndeto akalia siku tatu, siku ya nne akaacha kulia, na hapo ndipo Pimbi alipoogopa hasa.

Akakimbia kwa Mbega. Shali nyeupe ya manyoya yake ilikuwa vumbi tupu, chungu kimefunikwa chini juu.

"Shoga, uliona," Mbega akasema. "Mbona ulinyamaza?"

"Sikunyamaza, dada. Mlicheka."

"Ungeng'ang'ania."

Pimbi akarudi mbio nyumbani. Alimbeba Ndeto mgongoni, akang'oa miche mitatu ya kahawa iliyobaki hai, akapanda juu kutafuta baridi. Akapanda miche. Mmoja ukanyauka. Akahamia juu zaidi. Mche mmoja ukabaki. Akakwea tena, mpaka kucha zikagonga jiwe, ko, ko. Ndipo ilipokuwa ile kofia nyeupe. Haikuwapo tena.

"Mama," Ndeto akauliza kwa sauti ndogo, "juu ya hapa kuna nini?"

Pimbi akaangalia juu, akaona mbingu tupu. Akakaa, akaukumbatia mche na mtoto pamoja.

Ndiyo maana mpaka leo pimbi anaishi kwenye mawemawe.

Mafunzo ni haya: mbingu zimebadilika, msile akiba kwa sababu ya ua. Na mwenye hofu akisema, msimcheke, chimbeni, mtazame.

Hadithi yangu imekomea hapo, jiweni, alipokomea Pimbi.