Simu ya Shida Ndogo Ndogo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa na simu kama sisi, kijiji cha Bondeni kilikuwa na namba moja tu ya simu ya kuomba msaada, ya dharura. Kila mtu aliipiga: huyu mfereji umeziba, yule taa imezimika. Siku nyumba ya Swala iliposhika moto, simu ilikuwa inatumika. Nyumba ikateketea.

"Tuweke simu ya pili, ya shida ndogo ndogo!" akasema Kiboko, mwenyekiti.

Kila kaya ikachanga mtungi wa asali, iuzwe kuigharimia. Mama Kindi alitoa mtungi wake wa pekee.

Simu ikawekwa nyumbani kwa Kiboko, apokee na kutatua shida. Wiki hiyohiyo bomba la maji likapasuka chini ya mti wa Kindi. Chwaaa! Udongo ukamomonyoka, mti ukaanza kuinama, na watoto wake wanne wako juu.

Akapiga. Krrring! Krrring! Kimya. Siku tatu, kimya!

Akaenda mwenyewe. Loo! Simu imefunikwa kwa mto wa kulalia, Kiboko na katibu wake Kifaru wanalamba vidole, mitungi mitupu imewazunguka.

"Fungu limekwisha," akasema Kiboko, akicheua. "Subiri mwakani."

Kindi akasema moyoni: Wezi wakubwa hawa! Lakini akainama kwa adabu.

"Haya, wazee wangu. Ila mmesikia? Tajiri Nyati anamwoza binti yake. Anatafuta wageni wa heshima, wale wa sinia la mbele. Atapiga simu hii akijifanya mtu mwenye shida. Atakayemtatulia upesi, pilau ni yake."

"Pilau!" Mto ukarushwa huko.

Kindi akazunguka kijiji kizima. "Pigeni! Leo wanapokea!"

Krrring! "Haloo! Shida gani, mheshimiwa?"

"Bomba limepasuka kwa Kindi."

Mbio! Kifaru akachimba, puu, puu! Kiboko akaziba bomba, akashindilia udongo mpaka mti ukasimama. Krrring! Mfereji. Krrring! Taa. Wiki nzima, hawajui yupi ndiye Nyati.

Mwisho Kiboko, matope hadi masikioni, akaguta mlangoni pake mbele ya watu: "Kindi! Karamu lini?"

"Karamu? Si mmeshaila! Asali yetu mliyolamba ilikuwa nini?"

Kiboko akainua mguu amponde. Krrring! Kijiji kizima kikamkazia macho. Akashusha mguu, akaenda kupokea.

Basi, wanangu: anayekula mchango wa watu, akubali kutumwa na watu.