Semina ya Waliofutwa kwa Wino

Mabati ya zahanati yalipoibwa, Shomari, mlinzi, alitiwa mahabusu. Mkewe, Mwasiti, akaomba ripoti ya uchunguzi. Diwani Ngwandu alimpa, baada ya kuyafuta majina yote ya wezi kwa wino mweusi.

"Soma mpaka uchoke, mama," alisema akicheka.

Mwasiti alimshukuru kwa wino mzuri namna ile. Kesho yake akarudi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Natoka wilayani. Wamesema watu wanaofichwa majina hivi lazima ni wazito. Wameandaliwa semina Zanzibar, hoteli na posho. Ila hawajulikani, basi nafasi anapewa daktari wa zahanati."

"Daktari! Yeye amefichwa wapi?"

"Ndiyo nashangaa, baba."

"Lete hapa!" Diwani alichomoa kalamu. Juu ya kila mstari mweusi aliandika jina: lake, la shemeji yake, la fundi wake. "Shemeji asikose," alinong'ona.

"Na muhuri, Mheshimiwa, wasije wakabisha."

Akaugonga kwa nguvu zote.

"Semina inaanza lini?"

"Leo hii," alijibu Mwasiti, akiikunja ripoti. "Hakimu ameshakaa, na kule mahabusu Shomari amewashikia nafasi."