Mhunzi Aliyechoka

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa nyuma sikuwasikia.

Pakawa!

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na mhunzi, Mzee Ngwali. Jogoo hakuwahi kumwamsha. Yeye ndiye aliyemwamsha jogoo. Kang! Kang! Kang! Alifua majembe, akafua mashoka. Wenye magomvi walimfuata huko huko kiwandani. Aliwaamua amesimama, nyundo mkononi. Aliamua kwa haki, lakini upesi upesi, chuma kisije kikapoa.

Siku moja nguvu zilimwishia, nyundo ikamponyoka ikaanguka chini. Puu! Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Mganga akaja, akampapasa.

"Mzee, ugonjwa huu hautoki," akasema. "Utaishi nao kama mgeni asiyeaga."

Basi Mzee Ngwali akaketi barazani. Aliamka amechoka, akala amechoka, akachoka hata kukasirika.

Siku ya saba alimwona mkewe, Bi Mashavu, akitoka kisimani na mtungi kichwani. Hatua moja, anaburuta mguu. Hatua nyingine, anaburuta mguu.

"Bi Mashavu, mguu una nini?"

"Unauma."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa nzige."

Mzee akahesabu. Miaka kumi na miwili.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, bwana. Ulikuwa ukifua."

Mzee akainamisha kichwa. Maneno yale yalimuuma kuliko miguu yake.

Mvua zilipokaribia, akaja mjumbe wa mfalme.

"Mfalme anataka upanga."

"Nimebakiwa na nguvu za kazi moja," akajibu Mzee Ngwali, "nayo ina mwenyewe."

"Mfalme atakasirika."

"Na akasirike. Mimi nimechoka hata kuogopa."

Akaingia kiwandani. Kang! Akapumzika. Kang! Akapumzika. Mwezi mzima alifua jembe moja dogo, jepesi, la kulimia mtu akiwa amekaa. Bi Mashavu akalipokea, akaligeuza geuza. Kesho yake akalima amekaa, na mumewe kando yake aking'oa magugu: gugu moja, pumzi mbili.

Mfalme alikasirika kweli. Akatuma watu, wakachukua mivukuto ya kuvuvia, moto wa kiwanda ukazimika. Mzee hakuidai.

Wenye magomvi waliendelea kuja. "Ketini kwanza," aliwaambia, "nami nimechoka." Wakaketi. Akawasikiliza hadi mwisho, maana hakuwa na pa kukimbilia. Wengi waliinuka wamepatana, naye hajasema lolote.

Aliishi na ugonjwa wake masika matatu. Hakupona. Masika ya nne hayakumkuta. Bi Mashavu alipoulizwa habari za mumewe, alijibu, "Nilikaa naye miaka thelathini. Tulionana mitatu."

Ndugu zangu, mwenzio akikwambia anaumia, msikie siku ile ile. Maradhi ni mwalimu, lakini karo yake ni kubwa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliye mzima na akumbuke. Aliye mgonjwa na apumzike.