Samaki wa Ziwani Huanzia Nyasini

"Samaki wa ziwani huanzia nyasini." Bibi Kabula alipoitamka methali hiyo, wajukuu zake waliokuwa wakila kambare waliangua kicheko. Tangu lini samaki akala nyasi? Bibi aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, kisha akasema: Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Igunya, kando ya ziwa dogo, aliishi mwanamke aliyeitwa Minza, hodari wa jembe na hodari zaidi wa ulimi. Kila usiku viboko walitoka majini kwenda malishoni, na njia yao ilikatiza shamba lake la viazi. Asubuhi moja alikuta matuta yote yamesagwa. Alikwenda kwa Mtemi Lushinge akalalama hadi kijiji kizima kikatoka kujenga uzio wa miiba baina ya ziwa na malisho. Viboko wakakosa nyasi, wakahamia tindiga la mbali, kwenye maji ya matope na majani. Minza alishangiliwa, naye, tuseme ukweli, akavimba kichwa.

Mwaka uliofuata kambare walikonda wakabaki vichwa vitupu. Baadaye nyavu zikawa zinaleta magugu tu, na Mtemi akaamua kijiji kihame. Minza alishikwa na uchungu, kwa maana mavyaa wake, mama wa mumewe, alikuwa mgonjwa wa miguu asiyeweza safari. Kumwacha pale peke yake kulikuwa sawa na kumzika hai.

Alikwenda kuomba chakula kwa ndugu zake wa kule tindigani, akawakuta wanavua kambare wanono. Akakaa nao kuwapasua. Tumboni mwa kambare mmoja alikuta kisamaki. Akakipasua kwa ukucha, akakuta wadudu wa majini. Akainama kutazama maji. Wadudu wale wale walikuwa wakila utando wa kijani uliostawi juu ya kinyesi cha viboko, na kinyesi chenyewe kilikuwa nyasi zilizotafunwa. Minza akashika kichwa. Aliyelinyima ziwa chakula alikuwa yeye.

Alirudi mbio, akakuta mizigo imekwisha kufungwa.

"Mtemi, tuvunje uzio! Viboko ndio wanaolilisha ziwa."

Wazee wakacheka. "Kwa mavi yao?"

"Kwa mavi yao, baba zangu! Jua hukuza nyasi, nyasi humlisha kiboko, kiboko hulisha maji, maji hulisha wadudu, wadudu hulisha visamaki, visamaki humlisha kambare, naye kambare hutulisha sisi. Tumeikata kamba, halafu tunashangaa ndoo kubaki kisimani."

"Uzio uliutaka wewe," Mtemi alisema kwa hasira.

"Niliutaka mimi, na nitauvunja mimi. Wapite shambani kwangu."

Mtemi aligeukia mizigo iliyofungwa. "Haya. Tutangoja mpaka masika yapite. Samaki wasiporudi, tunaondoka."

Minza aling'oa miiba mpaka viganja vikatoka damu. Watu walisimama kumtazama, kisha mmoja mmoja wakaja kumsaidia. Kiangazi kilipokausha tindiga, viboko walirudi wakapita juu ya viazi vyake, naye akawapigia vigelegele. Majirani walisema amerukwa na akili.

Masika yalipokwisha, wavuvi walivuta nyavu zikawashinda, wakaita wenzao kuwasaidia. Ufuko wote ukalipuka kwa shangwe. Minza alimpikia mavyaa wake kambare wa kwanza, akilia kwa furaha.

"Mwanangu, mnono hivi ametoka wapi?"

"Nyasini, mama."

Bikizee akala mpaka akafyonza kichwa, akalamba vidole.

"Nenda kamwambie Mtemi afungue mizigo yake," alisema. "Samaki wa ziwani huanzia nyasini."