Nyota Mlangoni kwa Nyegere

— Mbao!
— Zije tukate!
— Vumbi?
— Liruke!
— Ukweli?
— Tia kiasi!
— Uongo?
— Mimina!

Haya, vuteni vigoda. Na wewe unayepiga msasa huko nyuma, pumzisha mkono kidogo, hiyo krrr-krrr yako inanifunika sauti.

Paliondokea Sange. Kwa asiyemjua, Sange ni mnyama mdogo, miguu kama vijiti, pua ndefu inayochezacheza hata akilala. Alizaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Akiona tundu, anachungulia. Akiona kifuniko, anafunua. Akisikia watu wananong'ona, anapita hapo hapo, polepole, kana kwamba ameangusha kitu.

Sange alikuwa na msumeno. Si ule wa kupasulia magogo, hapana. Wake ulikuwa msumeno wa nakshi: upinde wa mti wenye tumbo refu, na baina ya ncha zake mbili umekazwa utepe wa chuma, mwembamba kama unyasi, wenye meno madogo ambayo huyaoni mpaka usogeze uso. Aliachiwa na mama yake. Kwa msumeno ule Sange alikata ndege, akakata majani, akakata samaki mwenye magamba. Hakuuza hata kimoja. Kazi za shamba zikiisha, yeye na jirani zake, Kindi na mzee Kobe, walikaa barazani wakikata mbao kwa raha zao, kila mtu na kipande chake, wakibishana gundi ipi inashika.

Akimaliza kukata, hata kabla ya kunawa mikono, Sange alilegeza skrubu ili utepe upumzike, akapiga vumbi brashi, akapitisha kitambaa chenye mafuta, akautundika pakavu. Mama yake alimwambia kwamba msumeno ukiachwa umekazwa, upinde huchoka, na upinde ukishachoka hauna dawa. Sange alilishika neno hilo kuliko alivyolishika jina la babu yake.

Sasa palikuwa na Nyegere. Mwili kama gunia la chumvi, kucha kama patasi, na hofu hakugawiwa. Simba akikutana naye njiani hukumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Nyegere naye alipenda useremala. Yaani, alipenda vifaa vya useremala. Kukata hakukata hata kijiko. Akikiona kifaa kwa mtu, macho yanamlegea, mate yanamjaa.

Akamwendea Kindi. "Niazime randa, kesho narudisha." Kindi akampa. Kesho ikaja, randa haikuja.

Akamwendea mzee Kobe. "Niazime patasi, kesho narudisha." Kobe akampa. Kesho ikaja, patasi haikuja.

Akamwendea Sange. "Niazime msumeno, kesho narudisha." Sange alitazama zile kucha, akatazama mlango wa kukimbilia, akaona uko mbali. Akampa. Kesho ikaja, na kesho nyingine ikaja nyuma yake, msumeno haukuja.

Na utamdai vipi? Ukienda kudai, Nyegere anajitokeza mlangoni, anajikuna kwa zile kucha, anakuuliza umesema unataka nini. Nawe unajikuta unasema umepita tu kumsalimia. Kindi alimsalimia mara tatu. Kobe alimsalimia mpaka Nyegere akamwuliza kwa nini anampenda hivyo.

Siku moja Sange alimkuta Nyegere kisimani akijisifu. Alisema vifaa vyote amevitundika ukutani, vimependeza, na ule msumeno ameukaza mpaka ukiugusa unalia ting kama zeze. Sange akatazama juu. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milimani. Msumeno umekazwa, haujapakwa mafuta, na unyevu unakuja: upinde utapinda, utepe utashika kutu, na kitu cha mama yake kitakuwa kuni. Alirudi nyumbani akalia, tena alilia kwa sauti. Alipomaliza, pua yake ikaanza kuchezacheza, maana wazo lilikuwa limeshaingia.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Nyegere na keekee yake ya kutobolea, keekee ambayo ilisalimika kwa kuwa mpini wake ulivunjika na Nyegere hakuipenda. Hakudai kitu. Alisimama akautazama mlango, akainamisha kichwa huku, akainamisha huku, akaguna.

Nyegere akamwuliza anaguna nini.

Sange akasema anaona ajabu tu. Nyumba nzima imejaa vifaa vya fundi, na mlango wa mninga mzuri namna hii uko mtupu kama mlango wa stoo ya mahindi. Mpita njia atajuaje kwamba humu anakaa bingwa? Nyota moja tu pale ukingoni, alisema, na kila mtu atajua.

Nyegere akaanza kuuona mlango wake mbaya. Hata hivyo hakuwa mjinga kabisa. Alisema hataki tundu mlangoni kwake, nzi wataingia. Sange akamwahidi kwamba tundu halitakuwapo. Nyota itakatwa na kubaki pale pale, kitaonekana kistari tu, chembamba kama uzi. Ila kwa kazi hiyo hakuna msumeno mwingine, alisema, isipokuwa ule ulioko ukutani.

Nyegere akafikiri. Akaingia ndani, akatoka na msumeno, na kabla ya kuutoa mkononi aliufunga kamba mpinini, akajifunga ncha ya pili mguuni, fundo juu ya fundo.

"Kata," akasema. "Ukikimbia, unakimbia na mimi."

Sange akaufungua mlango, akachora nyota upana wa sahani. Kwenye ncha moja ya nyota akatoboa kwa keekee, viri-viri-viri, tundu dogo la kupita utepe na pua ya mdudu. Akalegeza skrubu, akachomoa utepe upande mmoja wa upinde, akaupenyeza katika tundu, akauchomeka tena upande wa pili wa mbao, akakaza. Upinde sasa ulikuwa umeukumbatia ukingo wa mlango, na utepe uko katikati ya ubao, bila ukingo kuguswa. Huu ndio ufundi wenyewe, na Nyegere hakuuona. Macho yake yote yalikuwa kwenye kamba.

Kwaru, kwaru, kwaru. Sange akakata. Msumeno hakuushika wima. Aliulaza kidogo, ili nyota iwe pana kwa nje na nyembamba kwa ndani, kama kizibo cha mtungi. Kizibo hakitumbukii ndani, lakini ukikivuta nje kinatoka. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mistari ikakutana. Akalegeza skrubu, akautoa utepe, akaufuta msumeno, akamrudishia Nyegere na kamba yake. Akaaga.

Nyegere alibaki mdomo wazi. Alikuwa na hakika kwamba ataibiwa, na hakuibiwa. Akaisukuma nyota kuelekea ndani: haikwenda. Akaipapasa kwa nje: imetulia. Ndipo akaona jambo lililomharibia usingizi. Ukingo wa mlango ulikuwa mzima. Hakuna mahali msumeno ulipopita kuingia. Sasa uliingiaje katikati?

Siku ya pili mchana, Nyegere alipokwenda kwenye mizinga kula asali, Sange akaja. Akatia ukucha katika lile tundu la keekee, akavuta: pu, nyota ikatoka. Akaingiza pua kwanza, kisha yeye mwenyewe. Akauchukua msumeno wake ukutani, akatoka, akairudisha nyota. Barazani kwake akaupaka mafuta ule msumeno, akaukumbatia mpaka akapakwa mafuta yeye.

Nyegere akarudi. Kitasa kimefungwa, ufunguo uko shingoni, nyota iko mlangoni, msumeno haupo.

Sasa, mwenye akili angeishia hapo. Chake si amekipata? Lakini Sange alikuwa ameona mle ndani kuta nne zimejaa, na kona moja hakuwahi kuifikia, na tangu hapo chakula hakikumshuka. Kuna nini kwenye ile kona? Siku iliyofuata akarudi kuangalia, akakuta njia ya kona imezibwa na vifaa, na kwa kuwa hakutaka kutoka mikono mitupu, akatoka na randa ya Kindi.

Nyegere akarudi. Kitasa kimefungwa, ufunguo uko shingoni, nyota iko mlangoni, randa haipo.

Sange akarudi tena, akatoka na patasi ya mzee Kobe. Nyegere akarudi. Kitasa kimefungwa, ufunguo uko shingoni, nyota iko mlangoni; patasi haipo. Akanusa kitasa. Akapanda juu ya paa akahesabu makuti. Akajiuliza kama labda anaviazima mwenyewe usingizini, na kama ndivyo, anampelekea nani.

Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akakaa nyumbani, akatulia. Alijifungia kwa ndani, ufunguo shingoni, akajibanza nyuma ya mlango.

Sange akaja kama kawaida. Ukucha, pu, nyota ikatoka. Akaingiza pua. Pua ikasimama. Kulikuwa na harufu ya asali, asali ya leo, inayopumua.

Sange akaruka nyuma, na wakati huo huo Nyegere akaruka mbele. Chwaa! Kichwa kikapita kwenye nyota. Shingo ikapita. Mabega yakagoma. Akajivuta arudi ndani, ngozi yake ile ya kulegea ikajikunja shingoni kama kola, ncha za nyota zikambana, akakwama. Kichwa nje, mwili ndani, na ufunguo unaning'inia chini ya kidevu.

"Kumbe ni wewe," akasema Nyegere.

"Kumbe na wewe umo," akasema Sange. "Nilidhani umetoka."

Nyegere alinguruma, akatukana, akapiga mlango mateke kwa ndani, puu, puu, mpaka Kindi na mzee Kobe wakaja kuona kuna nini. Mlango wa mninga hauna huruma. Jua likamkalia utosini, nzi wakaja, na mikono ya kuwafukuza ilikuwa upande wa pili. Akapunguza sauti.

"Bibie Sange, lete msumeno unikate hapa."

"Msumeno gani, bwana mkubwa? Si uko ukutani kwako?"

Nzi mmoja akamtua Nyegere puani akatembea mpaka jichoni bila haraka.

"Ule wako," akasema chini chini.

Sange akasema masikio ya mzee Kobe ni mazito, hajasikia. Nyegere akafumba macho. "Msumeno ni wako. Randa ya Kindi. Patasi ya mzee. Na vyote vilivyobaki humu vina wenyewe."

Basi Sange akauchukua ufunguo chini ya kidevu, akafungua kitasa, akauvuta mlango, na Nyegere akaufuata kwa hatua fupi fupi kwa sababu hakuwa na la kufanya. Habari ikasambaa. Wanyama wakaja wakaingia mmoja mmoja, wakatoka na nyundo zao, na tupa zao, na jiriwa za kubania mbao ambazo wengine walishaziombolezea. Kila aliyepita pale mlangoni alimsalimia Nyegere. Mzee Kobe akashauri kwa upole kwamba huo msumeno aletewe kesho.

Sange hakuungoja huo ushauri. Aliingia kwanza kwenye ile kona, akakuta chungu kitupu cha asali na buibui, akaridhika. Kisha akaufuata msumeno wake, akaanza kukata mistari miwili kutoka ukingoni kwenda kwenye nyota, kwaru, kwaru, na moyo ulimuuma, maana ilikuwa nyota nzuri kuliko zote alizowahi kukata. Nyegere akatoka, shingo nyekundu, kucha anazo. Wote wakarudi nyuma. Nyegere hata hakuwatazama. Alikuwa ameinama mlangoni anapapasa lile tundu dogo.

"Nitakusamehe yote," akasema, "ila niambie. Uliingiaje katikati?"

Sange akaokota kipande cha mbao. Akatoboa, akalegeza, akapenyeza, akakaza. Nyegere akatazama kwa macho mawili, safari hii hakuna kamba. Alipoona utepe unatokea upande wa pili alianguka chali, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasahau kabisa kwamba alitaka kuua mtu. Akaomba na yeye ajaribu. Sange akampa msumeno, akajifunga kamba mguuni mwake yeye mwenyewe, fundo juu ya fundo, akasema, "Kata. Ukikimbia, unakimbia na mimi."

— Mbao?
— Imekatika!
— Vumbi?
— Litue!
— Uongo?
— Umetosha!
— Kilichobaki?
— Tuzoe na ufagio!

Na mafunzo ya ngano hii, wapenzi wangu, myashike: mtu mwema hasemi uongo, haingii nyumba ya mwenzake bila hodi, na hapeleki pua yake pasipomhusu. Na ukiazimwa kitu chako kisirudi, usidai, usinung'unike; kaa kwa subira, kwani subira huvuta heri.

Mimi mwenyewe ni mtu wa subira sana. Kuna mmoja wenu hapa amekaa na jiriwa yangu ndogo tangu kabla ya Ramadhani, wala sina neno naye. Juzi nilipita kwake nikamsalimia. Mlango wake niliutazama vizuri. Mbao safi, kitasa kipya, kila kitu kizuri, ila pale ukingoni, sijui nyinyi mnaonaje, pamekaa patupu.