Vipande Viwili vya Mninga

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza hapungukiwi na kitu, bali hujiongezea asichokuwa nacho. Msemo huu kila mtu anaujua. Fundi Mansuetus wa Mbuji aliujua kuliko wengi, ila alikuwa na kawaida ya kuwahimizia watu wengine tu.

Mansuetus alikuwa seremala hodari. Milango yake haikugombana na fremu hata wakati wa mvua. Lakini miaka thelathini ya kukata mbao kwa msumeno wa mkono ilikuwa imelila bega lake la kulia. Kila akimaliza ubao mmoja alilazimika kukaa chini, uso umemkunjamana kwa maumivu. Useremala ndio uliokuwa maisha yake, na bila huo alijiona mtu aliyekwisha. Kwa hiyo aliposikia kwamba Emiliana, mjane wa fundi Dunstan wa Kitai, anauza msumeno wa umeme wa marehemu, alifunga safari siku hiyohiyo.

Ulikuwa msumeno mkuukuu, mzito, wa aina ambayo mota na diski yake ya meno vinaning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Fundi hushika mpini, akauvuta kuelekea kwake ukakata ubao, kisha akaurudisha nyuma. Emiliana alikuwa amemshikia mumewe mbao kwenye mashine hiyo miaka mingi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa kwanza, mdogo wangu, nikueleze tabia zake. Mashine hii ina mambo yake."

"Usijisumbue, dada. Mimi na mbao tumezeeka pamoja," Mansuetus alimkatiza akicheka. Moyoni alijiuliza mshika mbao angemfundisha nini fundi.

"Haya," alisema Emiliana. "Nyumbani kwangu unapajua."

Mashine ilipofika Mbuji, Mansuetus aliweka pima maji juu ya ule mkono wa chuma, akaona umeinama kidogo kwa nyuma. Alipochungulia chini, akakuta miguu ya mbele ya meza imepigiliwa vipande viwili vyembamba vya mninga.

"Marehemu naye!" alimwambia mkewe, Luisa. "Fundi mzima anafanyia kazi mashine iliyopinda!"

"Baba Lidia, si ungemuuliza mjane wake kwanza? Havikujipigilia."

"Nimuulize nini? Pima maji haidanganyi."

Akavibandua, akavitupa jikoni, akasawazisha meza mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati kabisa. Kisha akawasha. Ubao wa kwanza ulikatika kama muhogo wa kuchemsha. Wa pili hivyohivyo. Bega halikumuuma hata kidogo, naye akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa furaha.

Ubao wa tatu ulipokatika aliurudisha msumeno nyuma, akauachia mpini, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kipande. Mota ilikuwa ikitetemeka. Taratibu, bila kuvutwa na mtu, msumeno ukaanza kumfuata.

"Mkono!" Luisa alipiga ukelele.

Mansuetus aliurudisha mkono kwa nguvu. Meno yalikuwa yamelichana shati lake na kuondoka na ncha ya ukucha wa gumba pamoja na nyama kidogo. Luisa alizima swichi. Mumewe aliketi kwenye unga wa mbao, akivihesabu vidole vyake kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Wiki nzima mashine ilikaa imefunikwa turubai. Mwishowe alikwenda Kitai, mkono ameuficha mfukoni. Emiliana aliuona mfuko ulivyotuna kwa bandeji.

"Umeondoa vile vipande viwili."

"Umejuaje, dada?"

"Nilivichonga mimi. Mkono wa chuma ukilala sawasawa, mota ikitetemeka msumeno unakuja wenyewe. Ukiinama nyuma kidogo, msumeno unarudi na kukaa. Dunstan naye aliponea chupuchupu, ndipo tukajua." Akamtazama kwa huruma. "Wewe Mmatengo, shamba lako lote limelala mlimani na mahindi unavuna. Nani alikwambia kila kitu lazima kiwe sawa?"

Mansuetus alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Unene wake ulikuwa kiasi gani?" aliuliza.

"Njiti mbili za kiberiti zikibebana."

Vile vya zamani vilikwisha kuivisha maharage. Alichonga vingine kwa msumeno wa mkono, akisimama mara mbili kulikanda bega. Alipovipigilia, aliuvuta msumeno kabla ya kuwasha, akauachia. Ukarudi polepole mpaka mwisho, kama ng'ombe anayelijua zizi lake.

Mlango wa kwanza alioutengeneza kwa mashine ile aliupeleka Kitai, nyumbani kwa Emiliana. Kabla ya kupigilia bawaba alisita.

"Dada, unataka ufungukie ndani au nje?"

"Ndani," alisema Emiliana, akitabasamu. "Leo umeuliza."

Mansuetus alishika bawaba kwa mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vikiwapo, gumba likiwa na kovu. Hakika, kuuliza si ujinga.